Kaka Asikae Gizani

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Bisibisi alipopokea simu ya mwisho ya siku ile. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Bisibisi kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila bisibisi mfukoni, hata msibani. Alikuwa fundi wa kompyuta, tena fundi hasa, si wale wa kuzima, kuwasha na kukuaga.

"Ni skrini moja tu, mwanangu," ilisema sauti ya mama mtu mzima. "Ilizimika umeme ulipokatika. Nyingine inawaka vizuri. Njoo leo, tafadhali. Sitaki ilale hivyo."

Angeweza kusema kesho. Mtu mwenye nyumba yenye watu angesema kesho. Lakini nyumbani kwa Bisibisi hakukuwa na wa kumuuliza mbona umechelewa. Mkewe aliondoka mwaka juzi, bila ugomvi na bila kubamiza mlango, na tangu hapo chumba kilikuwa na kikombe kimoja, sahani moja, na mtu mmoja anayekula amesimama. Upweke ulimkaa kooni, na dawa yake ilikuwa kazi. Akabeba mkoba, akatoka akipiga mluzi.

Mluzi wenyewe ulikuwa wa kupitia kwenye meno, wimbo usio na mwanzo wala mwisho, na ulimtoka kila kazi ilipomwendea vizuri. Mkewe alikuwa akiwaambia wageni, ukitaka kujua kama kompyuta imepona, usitazame skrini, msikilize mume wangu.

Nyumba ilikuwa mwisho wa njia, chini, yenye dirisha la nondo. Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha mara ya pili. Mama alikuwa mwembamba, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, nywele nyeupe zimebanwa kwa kalamu ya risasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita. Usivue viatu, sakafu yenyewe ilishakata tamaa."

Bisibisi akacheka. Akashangaa kusikia kicheko chake mwenyewe, kwa jinsi alivyokuwa hajakisikia siku nyingi.

Chumba kilinuka gundi, karatasi za zamani na vumbi lililopata joto. Kulikuwa na meza ndefu, viti viwili bega kwa bega, na skrini mbili. Ya kushoto inawaka, ya kulia nyeusi. Mbele ya kila skrini kulikuwa na kikombe cha chai, na vyote viwili vilikuwa vinafuka mvuke. Chini ya meza, ndani ya kabati la mbao lililosukumwa ukutani, kompyuta moja ilikuwa inanguruma.

Na kulikuwa na sauti nyingine, ndogo.

Tik... tik-tik... tik...

"Feni yako inagonga, mama. Naweza kukubadilishia."

"Hiyo si feni," alisema mama. "Wewe iache tu."

Fundi gani hajaambiwa hivyo na mteja? Akafungua mkoba.

Mama akamweleza kazi yake. Alikuwa mpanga kurasa. Watunzi walimletea maandishi, naye akayapanga yakawa kitabu. Kiti cha kushoto chake, cha kulia cha kaka yake, msoma prufu. Yeye alisoma kwa sauti, pamoja na alama zote. *Mvua ilinyesha mkato watoto wakakimbia nukta aya mpya.* Kaka alifuata kwa macho na kusahihisha. Ndivyo walivyofanya tangu wana meno yote.

"Nyaya umeziangalia?" aliuliza Bisibisi.

"Nimeziangalia."

Hapa ndipo alipoteleza. Waya huangaliwa kwa mkono wa fundi, hauangaliwi kwa mdomo wa mteja. Hilo alilijua kuliko alivyojua kusali. Lakini kabati lilibanwa, mgongo ulikuwa unamuuma, na ukweli usemwe, Bisibisi alipenda kuandika amri kuliko kuinama. Akakaa kwenye kiti cha mama, akafungua lile dirisha jeusi la amri.

Ilikuwa inaendeshwa na Linux, mfumo wa wapenda amri, na moyo wake ukachangamka. Akaiuliza kompyuta ina kadi ngapi za picha. Ikajibu mbili, zote zima: moja ya skrini ya mama, nyingine ya skrini ya kaka. Akaandika faili la mipangilio, kadi hii kushoto, kadi hii kulia, kila moja na mahali pake ilipochomekwa. Akawasha upya upande wa picha. Skrini ya mama ikafa kidogo, kisha ikarudi. Ya kulia ikabaki nyeusi.

Akafungua kumbukumbu za hitilafu, akashuka nazo mstari kwa mstari. Kompyuta haikusema kadi ya pili imekufa, wala haikusema haioni skrini.

Ilisema kadi inatumika.

"Inatumiwa na nani sasa?" Bisibisi alijiuliza kwa sauti, kama ilivyo desturi ya watu wanaoishi peke yao.

Akauliza kwa amri, na alipopata jibu akatabasamu kwa heshima ya fundi kwa fundi. Kumbe aliyeifunga mashine ile alikuwa mtu mwenye akili. Aliigawa kompyuta moja kwa watu wawili. Kila kadi ya picha ilipewa kiti chake, chenye skrini yake, kibodi yake na mtu wake, hivyo wawili waliweza kufanya kazi kwa wakati mmoja bila kugusana. Ndiyo maana kadi ya pili ilikataa kuchukuliwa. Ilikuwa na mwenyewe.

Akasoma orodha. Kiti cha kwanza, mama. Kiti cha pili, kaka. Kaka ameingia. Kaka yuko kazini. Na mara ya mwisho kaka kugusa kibodi...

Sasa hivi.

Bisibisi akageuza shingo polepole. Mbele ya kiti cha kulia hapakuwa na kibodi. Ilikuwa juu ya rafu, imefungwa kwenye kitambaa, waya wake umeviringwa vizuri kama kitu kilichowekwa ili kisitumike tena.

"Mama!" aliita, akijitahidi sauti isimkatike. "Kaka yuko wapi? Anaingia kwa mtandao kutoka mbali?"

Jibu lilitoka jikoni, taratibu, pamoja na mlio wa kijiko.

"Kaka tulimzika mvua zilizopita, mwanangu."

Tik... tik-tik...

Akajikaza kisabuni. Lazima kuna mhuni mahali anaingia kwenye mashine ya watu, alijiambia. Akafuata waya wa mtandao kwa mkono, akauchomoa ukutani. Akauweka mezani, ncha yake wazi, mbele ya macho yake. Akauliza tena.

Kaka yuko kazini. Sasa hivi.

Kisha, katikati ya dirisha jeusi, mahali ambapo yeye hakuwa ameandika kitu, herufi zikaanza kutokea. Moja moja. Na kwa kila herufi, ile sauti.

Tik. Tik. Tik.

*Usinitoe.*

Alikijua kitu hicho. Mtu aliye kwenye kiti kimoja anaweza kumwandikia aliye kwenye kiti kingine. Lakini lazima awe mtu.

*Huku kuna mtu,* herufi ziliendelea. Kisha nukta, imewekwa kwa uangalifu.

"Ameshakuandikia?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la sukari. Alinong'ona, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Usiogope. Hana baya. Jioni naacha kurasa, asubuhi nazikuta zimesahihishwa. Ni yeye. Mikato namna ile haiweki mtu mwingine. Mimi sikukuita umfukuze, fundi. Siku ya umeme skrini yake ilizimika, na yeye gizani alikuwa anaogopa tangu tuko wadogo. Nilikuwa namshika mkono." Akaiweka sukari mezani. "Nataka iwake tu. Sitaki kaka akae gizani."

Bisibisi akaitikia kwa kichwa. Mama akarudi jikoni kutafuta kijiko.

Akabaki peke yake na ile sauti.

Mtu mwingine angechukua mkoba na kukimbia, na hakuna ambaye angemcheka. Lakini alikuwa na kiburi cha ufundi, na kiburi hicho kilimpa maneno ya kuifunika hofu. Hii ni akaunti iliyokwama, alijiambia. Zinakwama kila siku. Umeme ulikatika, mashine ikachanganyikiwa, inadhani mtu yupo. Akaunti iliyokwama hutolewa, kadi ikaachiwa, skrini ikawaka. Mstari mmoja tu wa amri. Mama hatajua.

Akauandika. Kidole kikasimama juu ya kitufe.

*Tafadhali,* dirisha liliandika.

Akabonyeza.

Tik—

Kimya.

Hakujua chumba kile kilikuwa na sauti kiasi gani mpaka ilipokoma. Hata mngurumo wa kompyuta ulionekana kushuka. Harufu ya udongo uliochimbwa ilipita puani, mara moja, ikaenda. Na kikombe cha kulia kikaacha kufuka mvuke. Cha kushoto kiliendelea.

Skrini ya kulia ilikuwa bado nyeusi.

Bisibisi akapiga magoti. Mgongo ulilia, hakuusikiliza. Akalivuta kabati, akapenyeza mkono nyuma ya kompyuta, akapapasa kadi ya pili, na hapo akaukuta waya wa skrini unaning'inia kwa upande mmoja, umechomoka nusu. Labda mtu aliusogeza akifagia. Labda mama aliugusa akitafuta mshumaa. Kilichotakiwa kilikuwa kidole gumba.

Akausukuma.

Juu ya meza, skrini ya pili ikawaka.

Akabaki pale chini muda, paji la uso limeegemea mbao. Alijisikia vibaya, na si kwa hofu sasa. Aliona aibu, aibu ya mtu aliyebomoa ukuta kutafuta funguo zilizokuwa mfukoni mwake. Hakupiga mluzi.

"Imewaka!" Mama alikuja mbio, kijiko mkononi, uso umemchanua kama wa msichana. "Kaka, umeona? Imewa..."

Akainamisha kichwa, akasikiliza.

Kwenye skrini ya kulia kulikuwa na kisanduku kitupu, na kistari kikiwaka na kuzima, kinasubiri jina.

"Mbona kimya?" aliuliza.

"Mama..."

"Fundi. Mbona kimya?"

Bisibisi alitafuta uongo mfupi. Hakuupata. "Nilidhani amekwama," alisema.

Angemtukana ingekuwa nafuu. Mama hakutukana. Alivuta kiti chake, akakaa, akakisogeza kikombe kilichopoa karibu na skrini, kisha akakirudisha kilipokuwa. Machozi yalimtoka bila sauti, akayafuta kwa kamba ya miwani.

"Nilikuwa na mtu," alisema. "Mmoja tu. Sasa hapo atakaa nani?"

Bisibisi alikitazama kiti kitupu. Alikifahamu. Kilikuwa sawasawa na kiti cha pili cha nyumbani kwake, alichokigeuza kuwa mahali pa kutundika mashati. Maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Nitakaa mimi, mama."

Mama akainua macho. "Kweli?"

"Kidogo tu. Mpaka tumalize kurasa za leo."

Kila fundi ana mazoea yake. Bisibisi alikuwa na zoea la kufungua akaunti kwa jina lake la utani kwenye mashine ya mteja, ili ajaribu kazi yake, kisha kuifuta kabla ya kuondoka. Akafanya hivyo. Akaishusha kibodi ya kaka kwenye rafu, akaifungua kitambaa, akaichomeka. Akajipa kiti cha pili. Kwenye kile kisanduku akaandika *bisibisi*.

Kiti kilikuwa na joto.

Mama akavaa miwani, akaanza kusoma. Kilikuwa kitabu cha shule kuhusu mbegu. "Mbegu huhitaji maji mkato hewa na joto nukta. Aya mpya." Bisibisi alifuata kwa macho. Akakuta herufi imeruka, akairudisha. Akakuta mkato usio na kazi, akautoa.

"Ee! Kumbe una jicho," alisema mama.

"Nina mawili, mama."

Wakacheka. Chai ikamiminwa upya. Mama alimsimulia jinsi kaka alivyowahi kugombana wiki nzima na mtunzi kwa ajili ya nukta mkato. Bisibisi akamsimulia habari za mkewe, vitu ambavyo hakuwa amemwambia mtu. Bega lake lilikuwa karibu na bega la mtu. Hakukumbuka mara ya mwisho. Na bila kujua, akaanza kupiga mluzi.

Alipoinuka kuaga, mama hakumzuia.

"Usiizime," alisema tu. "Acha iwake."

Alijua inabidi afute akaunti. Hilo ndilo zoea. Lakini ingemaanisha kile kisanduku kitupu kurudi, na mama akitazame usiku kucha. Akaiacha. Nje alisimama, akapapasa mkoba, akapapasa mifuko. Alijihisi mwepesi, kama mtu aliyesahau kitu ndani. Simu ilikuwepo. Funguo zilikuwepo. Hata bisibisi ilikuwepo.

Akaenda zake.

Kilichofuata hakikuja kwa kishindo. Chai ilikosa ladha. Akaongeza sukari, ikawa tamu bila ladha. Muuza duka alimhudumia mtu wa nyuma yake, kisha akashtuka, "Ala, kumbe upo!" Aliponya kompyuta ya mwalimu mmoja, kazi ngumu, ikawaka, na mwalimu akapiga makofi. Bisibisi alikaa akisubiri. Midomo ilijikunja yenyewe kama kawaida. Hakuna kilichotoka.

"Siku hizi hupigi mluzi, jirani," dada wa mlango wa pili alimwambia. "Unaumwa?"

"Nimechoka tu."

Jioni ile alikaa chumbani kwake bila kuwasha taa. Kikombe kimoja. Sahani moja. Akachukua simu, akampigia mama mpanga kurasa, kwa kisingizio cha kuulizia skrini.

"Inawaka vizuri, fundi, Mungu akubariki," alisema mama. Sauti yake ilikuwa imepata nyama, sauti ya mtu anayelala na kula. "Kitabu cha mbegu tumemaliza. Tumeanza cha hesabu."

"Mmemaliza?... Wewe na nani, mama?"

Mama akacheka. "Acha utani wako."

Nyuma ya kicheko kulikuwa na kitu. Bisibisi akaibana simu sikioni.

Tik... tik-tik... tik...

Na juu ya sauti hiyo, ukipita kwenye meno, bila mwanzo wala mwisho...

Mluzi.

Aliujua mluzi ule kama mtu anavyojua kikohozi chake. Hata pale wake ulipozoea kuvunjika kidogo katikati, kwa pengo la jino lililomng'oka, na huu ulivunjika.

"Mama," alinong'ona. "Mpe simu."

"Nimpe nani?"

"Aliyekaa hapo."

Kiti kikalia. Mluzi ukakoma. Simu ikabadili mikono, na kwa muda akasikia pumzi tu, pumzi ya mtu aliyeshiba, aliyekaa karibu na mtu.

"Fundi," ilisema sauti.

Ilikuwa yake.

"Amri naijua," alijikaza Bisibisi. "Mstari mmoja tu. Nakuja sasa hivi kukutoa."

"Najua unaijua." Sauti haikuwa na ukali. Ilikuwa inaomba. "Usinitoe. Tafadhali. Huku kuna mtu."

Simu ikakatika.

Bisibisi akasimama. Akavuta mkoba. Akafika mlangoni, mkono kwenye kitasa, na hapo akageuka kukitazama chumba: kiti chenye mashati, ukuta, giza lililokuwa linajaa taratibu kama maji kwenye ndoo. Angemtoa kule, sawa. Halafu angemleta wapi? Hapa?

Mkoba ukashuka wenyewe begani. Akarudi, akaondoa mashati kwenye kiti, moja baada ya jingine, akayakunja. Akakaa kwenye kiti kingine. Akakunja midomo, akajaribu tena kupiga mluzi.

Ukatoka upepo tu.